Sababu za Kuikataa Cherehani

Simu ilinguruma ndani ya glasi. Huwa naiweka humo ili mtetemo uniamshe hata nikilala fofofo, na alfajiri ile, chumba kikiwa bado kiza totoro, glasi nzima ililia grrr. Nikaipapasa. Ujumbe ulitoka duka la mtandaoni: "Pole kwa kuugua. Kwa kuwa umepona, mzigo wako tunauleta leo."

Nimeugua lini? Nikajishika shingo. Baridi tu.

"Baba Chiriku," nilimnong'oneza mume wangu, aliyekuwa akitafuta shati gizani awahi kuoka mikate. "Mimi niliumwa?"

Akakohoa.

"Homa ndogo tu," akasema.

Mzigo wenyewe ni cherehani niliyoagiza. Kwenye picha ilionekana ya chuma, imeshiba. Nilipokuja kusoma vipimo vizuri, nikakuta inaenea kwenye mfuko wa kanga. Na akiba yangu yote nimeshaitanguliza huko! Wakati huohuo jirani yetu wa mlango wa pili, Fundi Miwani, anahama, na anauza cherehani yake ya kanyagio, ile inayoshona hadi turubai. "Nakungoja mpaka kesho jioni, Mama Chiriku," aliniambia jana. "Baada ya hapo usininunie."

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alishatufundisha: mnunuzi wa mtandaoni ana haki ya kubadili nia, na haulizwi sababu. Nilimwelewa vizuri sana darasani. Lakini kwetu hakuna anayejua kukataa kitu hivihivi. Hata chai ukiikataa, lazima usingizie tumbo. Kwa hiyo niliwaandikia wale wa dukani: "Samahani ndugu zangu, mashine ni nzuri sana, ila nafasi ya kuiweka bado hatujapata." Wakajibu kwamba nisijali, watasubiri nafasi ipatikane.

"Nilikuona unahangaika," mume wangu alisema, akifunga vifungo. "Nikawaandikia unaumwa. Nani anampelekea mgonjwa cherehani?"

"Na kupona je?"

"Waliuliza hali. Nikasema hujambo. Ningesema nini, mke wangu, nikuombee mabaya?"

Mama mkwe akageuka kitandani kwake, upande wa pili wa pazia. "Mimi niliwatumia sauti. Niliwaambia tuna safari."

"Safari ya wapi, Mama?"

"Sikutaja. Wangetaka kujua tunarudi lini."

"Wakasemaje?"

"Walitutakia safari njema. Watu wastaarabu kwelikweli."

Kulipokucha nikapiga simu dukani. Dada aliyepokea alinisomea kila kitu kwa sauti tamu: nafasi hakuna, mmesafiri, umeumwa, umepona. "Yote tumeyazingatia, dada yangu. Ndiyo maana tumekuwa tukichelewesha."

"Lakini nilikuwa naghairi!"

"Wapi? Ombi la kughairi mimi silioni."

Kumbe wiki nzima tumekuwa tukikataa, wao wanasikia tunaomba muda?

"Sasa nifanyeje?"

"Mzigo uko njiani. Mleta mizigo akifika, mwambie unapokea au unakataa. Ukikataa, pesa inarudi kwenye simu palepale."

"Na sababu nimpe ipi?"

"Kwani una ngapi, dada?"

Sikujua kama ananicheka au ananiuliza. Nikawa nazipanga kwa kunong'ona. Nikisema nafasi, mume wangu ataonekana mwongo. Nikisema homa, safari ya Mama itakuwaje? Chiriku, binti yangu, alinifuata jikoni na uani akiuliza, "Mama, unaongea na nani?"

Jua lilikuwa limeshaegemea mleta mizigo alipobisha hodi, kofia ya pikipiki kwapani na kiboksi mkononi, kidogo kama cha viatu.

"Mgonjwa anaendeleaje?" akauliza.

"Hajambo... yaani, sijambo. Ila tulikuwa safarini..."

"Na homa?"

"Ndiyo. Nafasi nayo..."

Alinitazama, akatazama kiboksi, akanitazama tena. "Mama, sijakuelewa. Mnapokea au mnakataa?"

"Kukataa ni neno zito, mwanangu," mama mkwe akadakia. "Kunywa maji kwanza. Sema tu hatuna haraka nayo."

"Basi niandike niulete tena kesho?"

"Kesho!" nikaruka. Mlango wa pili, Fundi Miwani alikuwa ameshaanza kuifunga mashine yake kwa shuka, na mwanamume nisiyemjua amelikanyaga kanyagio, anaijaribu. Fundi alinitupia jicho juu ya miwani. Nikafungua kinywa. Homa, safari, nafasi, zote zikanijia kwa pamoja na hakuna hata moja iliyotoka. Kidole cha yule kijana wa mizigo kilikuwa kinashuka kwenye simu yake.

Chiriku akachomoza kichwa kati ya gauni langu na mlango, akamkazia macho.

"Mama haitaki," akasema.