Uboho wa Profesa

Kaka yangu anauza seli shina kwenye pakiti. Kabla ya hapo aliuza matairi, na kabla ya matairi aliuza maneno matupu, kazi ambayo sidhani kama aliwahi kuiacha. Wateja wake wanamwita Profesa. Mwenyewe haoni hata aibu kuitika.

Unga wenyewe ni wa rangi ya waridi na unanukia sabuni ya kufulia. Kwa maelezo yake, umebeba kila aina ya seli shina duniani: za kitovu, za kondo la kondoo, hata za tufaha. Eti unatibu magoti, kisukari, ugumba na ndoa zilizopoa.

Uboho wangu ulipoacha kutengeneza damu, Profesa alikuwa wa kwanza kufika wodini, pakiti mkononi. Mama akanikorogea kwenye glasi. Nilikunywa kwa sababu alikuwa amesimama pale machozi yakimlengalenga. Fizi ziliendelea kutoka damu, na mikono ikajaa madoa ya zambarau.

Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimweleza Profesa kwa upole asioustahili. Alisema seli shina si kitu kimoja. Za kiinitete, yaani mimba changa, zinaweza kugeuka kiungo chochote, lakini watafiti bado wanahangaika nazo. Za uboho na za damu ya kitovu hutengeneza damu, na hizo ndizo wanazopandikiziwa wagonjwa kama mimi. Ukizinywa, tumbo linazisaga kama chakula kingine. Nilihitaji uboho wa ndugu anayelingana nami, tena mapema, la sivyo ningekufa. Dada yetu mkubwa alipimwa, hakulingana. Profesa alilingana kabisa.

Hapo ndipo Profesa alipoingia mitini. Mara yuko semina, mara ana wageni, mara simu imezimwa. Dada alipombana akasema mfupa wa nyonga hautobolewi ovyo, hata kama atapewa dawa ya usingizi. Isitoshe, wateja watauliza pakiti zimeshindwa nini. Tuzipe muda zifanye kazi. Mama, ambaye hana mtoto mwingine wa kiume, akatuambia tusimsumbue mtoto. Mtoto mwenyewe ana kipara.

Nilimdharau mpaka nikachoka. Lakini nilikuwa naogopa kufa.

Siku moja akaja bila kuitwa, suti imenyooka, simu kwenye kijiti cha kujipigia picha. Kumbe alikwisha kuwatangazia wateja kwamba dada yake anaendelea vizuri. Alitaka nishike pakiti, nitabasamu, niseme nasikia nguvu. Yangekuwa matangazo mubashara, na watu walikuwa wameshajaa wanasubiri. Nilikubali hata kabla hajamaliza. Akanisifu kwamba hatimaye nimekuwa mwelewa. Dada alinitazama kwa hasira, akanifunga kitambaa kichwani.

Profesa akaelekeza simu kwangu.

"Mimi ni dada yake Profesa," nikasema. "Nimekunywa pakiti zote alizoniletea, damu haijaongezeka. Seli zitakazoniponya zimo kwenye mfupa wa nyonga yake. Ni yeye tu anayelingana nami, na anakataa kunipa. Naomba mumuulize atanipa lini."

Alirukia kuzima, lakini Dada alikuwa ameshaudaka mkono wake na kumgeuzia simu usoni. Maswali ya wateja yakaanza kumiminika kwenye kioo, na Dada akawa anamsomea moja baada ya jingine, taratibu, kama mwalimu. Jasho likamtiririka Profesa mpaka kwenye tai.

"Kesho," akasema. "Naanza vipimo vilivyobaki kesho."

Alitimiza. Alitolewa uboho, akalala kitandani akiugulia kama mtu aliyejifungua mapacha, na mpiga picha wake pembeni. Jioni ile ule uboho ukaletwa chumbani kwangu kwenye mfuko, mwekundu na mzito, ukaanza kuniingia kwa mrija.

Mama alikaa karibu yangu akiwa amevaa barakoa, macho yakimng'aa.

"Umeona?" akasema. "Kaka yako anakupenda."

"Mama, angewaogopa wateja wake pungufu kidogo tu ya hapo, mngekuwa mnanizika."

Mama akaangalia chini, akaanza kunikanda vidole vya miguu, na kwa mara ya kwanza tangu niugue hakumtetea.