Kijiti cha Viatu vya Tempe

Tempe alikuwa na miaka tisa, na hakuwahi kuvaa kiatu. Katika shamba lile la tumbaku huko Virginia, watumwa waligawiwa viatu mara moja kwa mwaka, Krismasi, na mtoto ambaye hajaanza kazi ya shamba hakupewa kabisa. Mjomba Esau, fundi viatu, hakuhangaika na namba. Alikata kijiti sawasawa na urefu wa mguu wako, akakitia alama yako, basi, hicho ndicho kipimo.

Sasa Mei hii, jua kali na mbu tele, Esau akaamriwa na Bi mkubwa, mke wa mwenye shamba, ampime Tempe. Alimpima kimya, bila utani wake wa kila siku. Tempe hakujali. Alikiomba kijiti akaonyeshe, akakimbia nacho hadi jikoni, ambako mama yake, Juda, alikuwa akikanda unga wa mahindi.

"Mama! Napewa viatu! Hata Krismasi haijafika! Yule mwenzangu Safira atakufa kwa kijicho, na afe!"

Juda aliacha kukanda. "Nani kasema?"

"Bi mkubwa mwenyewe. Bi Lavinia akishaolewa Jumamosi, nitapanda naye gari la farasi. Mimi, mama!"

Kulikuwa na jambo ambalo watu wazima wote pale walilijua, na hakuna aliyethubutu kumwambia mtoto: viatu visivyo vya Krismasi ni viatu vya safari. Mwaka ule alipopewa baba yake Tempe, alipelekwa Georgia, na hakuonekana tena. Naye Bi Lavinia, binti wa Bi mkubwa, alikuwa akiolewa na mtu wa Georgia.

"Lete hicho kijiti nikione," Juda alisema.

Tempe akampa kijiti. Juda akakitia motoni.

Tempe alipigwa na butwaa. Mama huyu, aliyejinyima mkate ili yeye ale, alisimama akitazama viatu vyake vikiungua! Alipotaka kuuingiza mkono motoni, Juda alimkamata.

"Mama, kwa nini?"

"Nyamaza."

Angemwambia nini? Ulimi wa Tempe haukuwa na mfupa. Neno alilosikia asubuhi, mchana Bi mkubwa alikuwa nalo. Juda alitumaini kwamba bila kipimo hakutakuwa na kiatu, na bila kiatu hakutakuwa na safari. Tumaini lenyewe lilikuwa jembamba, lakini lingine hakuwa nalo.

Esau alifanya lake. "Kipimo kimepotea, Bi mkubwa, na ngozi imeniishia."

"Basi ataenda peku," alisema Bi mkubwa. "Tangu lini mbuzi akavaa viatu?"

Siku tatu Tempe hakusema na mama yake. Jumamosi, keki ilipokwisha kukatwa, wakampandisha nyuma ya gari pamoja na masanduku. Juda alitoka jikoni mbio, akamtia mapajani mkate wa mahindi uliofungwa kitambaa.

"Tempe, mwanangu, nigeukie."

"Umenichomea viatu vyangu."

"Nigeukie nikuone tu, mama."

Tempe akavuta mdomo, akawatazama farasi. Juda aliushika mguu wake wa kulia, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, mikono ya moto yenye unga. Tempe akauvuta mguu. Gari likaondoka.

Siku ya nne njiani, hasira zilikuwa zimemwisha, na mkate pia.

"Bi Lavinia, tunarudi lini nyumbani? Nimeshamsamehe mama."

Bi harusi akacheka mpaka akashika mbavu. "Turudi wapi, mjinga wewe? Wewe ni zawadi yangu ya harusi. Bi mkubwa kanipa wewe na vijiko vya fedha."

Tempe aliruka chini gari likiwa linakwenda, akakimbia alikotoka akiita mama, mama, hadi mwendesha gari alipomfikia na kumbeba kama gunia. Hakumwona Juda tena duniani.

Miaka mingi baadaye alitorokea Philadelphia, akawa anasimama mbele ya watu kuupinga utumwa. Ukumbi ulijaa, na watu walingoja awasimulie viboko. Viboko alikuwa navyo, tele. Lakini kila mara alianza kwa kuvua kiatu cha kulia.

"Mama yangu alinishika hapa," alisema, "nami nikauvuta mguu."