Kiti Hakikai Wazi

Mimi sikugombea uenyekiti. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kuna watu chuoni hapa wananitazama kana kwamba nilizaliwa nimekalia kile kiti. Mimi niliomba dirisha lifunguliwe. Basi, sikuomba kingine.

Zilikuwa wiki zangu za mwanzo. Chuo chenyewe kikubwa mno, unapishana na watu kutwa nzima na hakuna hata mmoja wa kukuuliza umeamkaje. Nikasikia kuna Chama cha Marafiki, wanakutana kila Ijumaa alasiri kwenye chumba cha chini cha maktaba ya zamani. Wanacheza karata, wanaangalia mpira, wanapiga soga. Nikaenda. Kumbe siku niliyoingia ndiyo siku ya mkutano wao mkuu, na mimi habari sina. Nakuta chumba kimejaa, joto la kuivisha mkate, na watu wazima na akili zao wamekalia mikono yao. Nikasema moyoni, hawa nao wana nini? Nikanyoosha mkono ili nipewe ruhusa ya kusema kuhusu dirisha.

Lo! Chumba kizima kililipuka kwa makofi na vigelegele. Kijana mmoja mrefu, kikombe cha chai mkononi, akapanda juu ya benchi na kupaza sauti, "Mkono umeonekana! Mwenye nao amepatikana!" Nikavishwa ufunguo wa chumba shingoni kabla sijajua hata choo kiko upande gani.

Yule mrefu ndiye katibu. Anasoma sheria, na wote tunamwita Wakili. Ndiye aliyenieleza katiba ya chama siku ileile. Kiti hakikai wazi, alisema. Kwenye mkutano mkuu katibu anatoa mwito, kisha anakunywa chai yake taratibu. Chai ikiwa bado imo kikombeni, mkono wa kwanza utakaoonekana juu ya bega ndio wa mwenyekiti mpya, uwe umenyooshwa kwa kutaka, kwa kujikuna au kwa kufukuza nzi. Kikombe kikipinduliwa bila mkono kuonekana, aliyepo anaendelea mwaka mwingine. Kujiuzulu hakuna. Mwenyekiti akikimbia, chama kinafutwa na chumba kinarudi kwa ofisi ya wanafunzi, ambayo inakitolea macho tangu zamani.

Mwaka uliofuata watu walikalia mikono. Na uliofuata hivyo hivyo. Nani mjinga? Walishaona yanayonipata.

Unadhani uenyekiti ni kukaa? Thubutu! Ni kubeba spika kutoka ukumbi mkubwa, ngazi juu ngazi chini, mgongo unalia. Ni kupanga viti vya plastiki na kuvipangua. Mwenyekiti, rimoti haionekani. Mwenyekiti, fulani kamnunia fulani, njoo uwapatanishe. Mwenyekiti, choo kimeziba. Choo! Kwani mimi fundi bomba? Nikipita uani mabweni yote yananiita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti!", na sina mtu mmoja wa kukaa naye nikamwambia kwamba leo moyo wangu mzito. Nimewakutanisha watu mpaka wengine wamevishana pete, na mimi mwenyewe chakula cha jioni nakula nimesimama, mdomo mmoja unatafuna, huohuo unajibu watu.

Mama mdogo, aliyenilea, ni fundi cherehani, na kila mteja anayepimwa nguo kwake lazima asikie habari zangu. Nikimpigia simu kulalamika nasikia cherehani inanguruma nyuma ya sauti yake. "Mwenyekiti wangu!" anasema. "Kuchoka kitu gani? Kiti ni heshima, mwanangu. We kaa hapohapo." Basi nakaa. Mwanamke anakata simu anacheka.

Sasa mwaka huu maji yalinifika shingoni, na sababu ni nyuki.

Nasoma kilimo, na katika kilimo chote nilichopenda ni nyuki. Mhadhiri wetu wa nyuki ni mama mmoja mfupi, mkali, vidole vimekakamaa kwa miiba aliyochomwa, na hasifii mtu ovyo. Asubuhi ya mkutano mkuu aliniita ofisini kwake. "Kituo cha utafiti kimetoa nafasi moja," akaniambia. "Muhula mzima, msituni, wewe na mizinga. Nimekuandikia wewe."

Nilitaka kumrukia shingoni. Akainua kidole. "Subiri. Ofisi ya wanafunzi hairuhusu mtu aondoke na cheo cha chama. Kabidhi hicho kiti leo, uje uniambie kabla sijafunga mlango. Usipokuja nampa mwenzako, na sitakulaumu."

"Nitakuja, Mwalimu," nikasema. "Hata kwa magoti nitakuja."

Nikatoka pale nikiwa nimeshaamua. Kama mimi nilipatikana kwa joto, na mwingine atapatikana kwa joto. Mchana nikafungua chumba peke yangu, nikafunga madirisha yote. Kuyafunga tu hakukunitosha. Nikakunja vipande vya boksi, nikavigongelea kwenye fremu kwa kisigino cha kiatu, mpaka hata upepo wenyewe ungelazimika kuomba ruhusa. Viti vya wageni nikavipanga chini ya madirisha, jua linapopiga. Wazee wa chama wanaijua sheria, hao wangekalia mikono hata paa likiungua. Niliwataka wa mwaka wa kwanza, maana hao joto likiwazidi wanaomba kwa adabu, na wakiomba kwa adabu wananyoosha mkono.

Nilijua ninachofanya, na sikuona haya hata kidogo. Kila mtu na zamu yake.

Watu wakaingia. Wakaingia wa mwaka wa pili na wa tatu, wakakaa moja kwa moja juu ya viganja vyao huku wananikonyeza. Wakaingia wageni, wanapepea nyuso, wanashangaa. Wa mwisho kabisa akaingia Kimya.

Huyu tunamwita Kimya kwa sababu ndivyo alivyo. Ni binti wa mwaka wa kwanza, anakuja kila Ijumaa, anakaa karibu na ukuta, karata zake anazishika vizuri lakini hathubutu kupaza sauti hata akishinda. Mimi ananiita dada. Kuna Ijumaa alibaki akanisaidia kupanga viti, na katikati ya kazi akasema, bila hata kunitazama, "Dada, hapa tu ndipo mtu akiona sipo anauliza niko wapi." Nikamwambia karibu, jisikie nyumbani. Ndiyo maneno ninayowaambia wote, lakini siku ile niliyasema kwa dhati.

Sasa Kimya akaangaza macho, viti vimejaa, kimebaki kimoja, kile cha chini ya dirisha lenye jua kali kuliko yote. Akaenda kukaa pale. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Nikajaribu kumwonyesha kwa macho aje mbele, akanitabasamia tu.

Wakili akapanda benchi. "Kiti hakikai wazi!" akaita. "Nani anakitaka?" Akapiga funda la kwanza la chai.

Jasho likaanza kuwatiririka watu mpaka kwenye nyusi, na hakuna wa kulifuta. Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu alituliwa na nzi puani, akampuliza kwa mdomo uliopinda mpaka mwenzake akashikwa na kwikwi ya kicheko. Wakili akapiga funda la pili, akalamba midomo, akasifia sukari. Huyu naye! Mimi nimesimama mbele, macho yanazunguka kwa wageni. Nyoosheni basi, nasema moyoni. Kwani hamsikii joto? Mmoja akafungua vifungo vya shati. Mwingine akajipepea kwa daftari, lakini mkono hauvuki bega. Na kule ng'ambo ya barabara, kupitia kioo, nauona mlango wa ofisi ya Mwalimu, bado wazi.

Kikombe kikaanza kuinama. Wakili alikuwa anachungulia ndani yake, anatafuta mabaki.

Hapo nikamwona Kimya. Uso umelowa, amegeuka kulitazama dirisha, kisha akanitazama mimi. Midomo inacheza kama mtu anayejifunga kibwebwe kusema. Halafu mkono wake ukaanza kutoka mapajani.

Sikia, angekuwa mwingine yeyote ningekuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini niliuona ule mkono unapanda, mwembamba, wa mtu aliyekuja kutafuta marafiki, nikajua kesho utakuwa umebeba spika. Nikajua hatapata tena Ijumaa ya kukaa karibu na ukuta na karata zake. Watamwita Mwenyekiti mpaka asahau kuna mtu aliwahi kuulizia yuko wapi. Na aliyemtega ni mimi, dada yake. Roho ikakataa. Ikakataa katakata, na mimi naigombeza, mjinga wewe, nyuki, nyuki! Huku mkono wangu mwenyewe ukaruka juu.

"Wangu!" nikapiga kelele.

Wakili akainua kichwa. Akaniona mimi niliyesimama mbele yake. "Mkono umeonekana!" akanguruma, na sauti yenyewe ilikuwa na mshangao. "Mwenye nao amepatikana!" Akakipindua kikombe juu ya benchi, kaa!

Makofi yakapigwa, lakini si yale ya siku yangu ya kwanza. Haya yalichanganyika na vicheko. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Si niliwaambia? Kisebusebu na kiroho papo!" Sikumjali. Nilikuwa na uchungu, nilikuwa nataka kulia, lakini chini kabisa ya uchungu kulikuwa na kitu kama amani. Nikapenya kati ya viti mpaka kwa Kimya. Mkono wake ulikuwa bado hewani, ameusahau. Nikaushika nikaushusha polepole.

"Pole, mdogo wangu," nikamnong'oneza. "Nimekuokoa. Ulitaka dirisha, sivyo?"

Akanitazama. "Dirisha gani, dada?"

"Si joto? Hukutaka kuomba dirisha lifunguliwe?"

"Hapana," akasema. "Nilitaka kiti."

Nilidhani masikio yangu yana jasho.

"Sheria yenu naijua," akaendelea, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. "Niliulizia. Nilikuona unavyobeba zile spika peke yako, nikasema dada amechoka, mwaka huu nitampokea. Tangu Wakili alipoanza kunywa nilikuwa najipa moyo. Mimi kusema mbele za watu ni kazi, unajua. Na ndiyo nilikuwa nimeshaweza."

Nikageuka mbio. "Wakili! Inua hicho kikombe! Mimina chai nyingine, tuanze upya. Kuna mtu anakitaka kiti, anakitaka kwa hiari yake!"

Wakili akashuka kwenye benchi taratibu, akaniwekea mkono begani. Namfahamu, ana huruma, ila katiba anaipenda zaidi. "Mwenyekiti," akasema, "kikombe kimeshapinduliwa. Siku ile wewe ulilia hapahapa ukisema ulitaka dirisha tu. Nilikirudisha?"

"Lakini mimi sikitaki!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Hakitaki!" wakasema. "Hakitaki lakini kakidaka!" Kuna aliyeniuliza kama nataka wanipigie magoti ndipo nikubali. Nikacheka nao kidogo, kwa kukosa la kufanya, na uso ukanikauka.

Niliporudi kwa Kimya alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Wanakuita King'ang'anizi," akaniambia. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Bwenini kwetu wote wanasema hivyo. Wanasema unajifanya umechoka, lakini kiti huwezi kukiachia. Mimi nilikuwa nakutetea, dada. Mpaka nimegombana na watu."

"Sikiliza, mdogo wangu, nilidhani..."

"Nimekuona kwa macho yangu. Uliniona nanyoosha, ukaniwahi." Akarekebisha mkoba. "Basi, dada. Kaa nacho."

Akapita kati ya viti, akiomba radhi kwa kila mtu aliyempisha, akatoka. Nikataka kumkimbilia. Nikapiga hatua, ufunguo unanigonga kifuani, na palepale wakanizingira. Mwenyekiti, kuna mpira leo, spika umeleta? Mwenyekiti, Ijumaa ijayo tunaomba chumba cha sherehe. Nikasema nipisheni, nipisheni jamani, wakadhani natania. Wengine wananipa mkono wa pongezi, na mikono yote imelowa.

Nikachungulia juu ya mabega yao, kupitia kioo. Kimya alikuwa anakata uwanja peke yake, hakugeuka. Ng'ambo ya barabara Mwalimu alikuwa ametoka na mkoba wake. Alisimama mlangoni akatazama upande wetu, akatazama na njia, akasubiri. Nikampungia mkono kama kichaa, lakini jua lilikuwa kwenye kioo na nadhani aliona mwanga tu. Akafunga mlango, akaujaribu kama umefunga, akaondoka.

"Mwenyekiti, joto!" wakaanza kulalamika. Sasa hivi kikombe kimeshapinduliwa, mikono imefunguliwa, kila mtu anajipepea na kunyoosheana vidole. "Fungua dirisha basi, Mwenyekiti! Tunakufa!"

Nikapanda juu ya kile kiti cha Kimya, nikashika komeo kwa mikono miwili, nikavuta. Boksi nililolikunja na kuligongelea mwenyewe kwa kisigino lilikuwa limekaa sawasawa. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, na nyuma yangu wanahesabu, moja, mbili, tatu, wananishangilia. Dirisha halikufunguka.