Siku Ambayo Sumaku Hakubeti

Mwenyekiti anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, mimi nimeshiba pilau ya kamati, feni ya darini inazunguka kwa uvivu na kope zangu zinashuka zenyewe. Ajenda ya tatu ni jina la Fulgence Mahimbo, golikipa wetu tuliyemwita Sumaku, liandikwe kwenye ukuta wa jukwaa kuu au lisiandikwe. Kamati ya klabu ya Nyuzi ina watu tisa. Wanne wanataka, wanne hawataki, na wa tisa ni mimi, Mkwizu, niliyecheza beki mbele yake miaka sita. Sumaku alifungiwa maisha kwa kubeti mechi za timu yake mwenyewe, akafa mwaka jana bila kuruhusiwa kukanyaga tena uwanja huu. Nje kwenye benchi amekaa binti yake, Leokadia, na anachotaka ni jina tu, hataki kingine. Asubuhi amenishika mkono akaniambia, baba mdogo, wewe ulikuwepo siku ile ya fainali, waambie. Nimemwambia nitawaambia. Sasa mwenyekiti anasoma, anasoma, sauti yake inakwenda mbali, na mimi nafumba macho kidogo tu, niyapumzishe.

Napita mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, sijui umefikaje hapa, na ng'ambo yake hakuna uwanja, kuna barabara. Imepigwa chokaa nyeupe pembeni, inakwenda, inapinda, inarudi, na kila inaporudi imekuwa ndefu zaidi. Anayenisubiri ni mshika kibendera, amevaa nyeusi tupu, kibendera chake amekikunja na kukibana kwapani, na pale penye uso hapana kitu, pamelainika kama yai lililomenywa. Namuuliza barabara hii inakwenda wapi. Anasema, inakwenda uliposimama. Namwambia mimi sijasimama, natembea. Anasema, ndiyo maana hufiki. Mimi ni mtu wa hasira za karibu hata usingizini, namwambia aache mafumbo yake, nina kikao. Anatangulia, na miguu yangu inamfuata bila kuniuliza.

Tunaingia mji ambao kila nyumba ni duka la kinyozi. Vioo mbele, vioo nyuma, hivyo mtaa mmoja unakuwa mitaa elfu, na katika kila mtaa kuna ukuta wenye picha ya Sumaku akiruka na mikono yake mirefu, na kwenye kioo cha upande wa pili kuna ukuta uleule, picha ileile, ila kichwa kimekwanguliwa kwa msumari. Waliokaa vitini hawana nyuso lakini sauti nazijua, ni za mji wetu. Wa kiti cha kwanza anasema, alidaka penalti tatu siku moja, tena ugenini, mtajie mwingine. Wa kiti cha pili anasema, alibeti. Wa kwanza anasema, alibeti tushinde, mikeka yake yote kumi na minne ya kubeti ilikutwa, yote tushinde, kosa liko wapi? Wa pili anangoja mashine ya kunyolea inyamaze, kisha anasema, na mechi ya kumi na tano? Fainali? Mtu anayebeti kila mechi akiiacha moja tu, na hiyohiyo tukafungwa, wewe unaelewaje? Kinyozi ananigeukia na ule ulaini wake usio na uso. Anasema, wewe ulikuwepo, hebu tuambie goli lile liliingiaje. Nafungua mdomo. Nasema, sikumbuki vizuri. Na kwenye vioo vyote, mbele na nyuma, akina Mkwizu elfu moja wanatunisha mashavu na kusema sikumbuki vizuri, sikumbuki vizuri, na naona aibu, naona aibu sana, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowajibu waliokuja kuchunguza, na ndivyo ninavyowajibu watu hadi leo.

Nakimbia, na barabara inanirudisha kwenye uwanja wetu, majukwaa matupu, nyasi mbichi. Sumaku yupo golini. Yeye peke yake huku ana uso, ule wa mwishomwishoni, umekonda, macho makubwa. Ananiambia, Mkwizu, umenenepa. Namwambia ni kazi za kamati. Anacheka kidogo, anavuta glovu zake. Namuuliza mbona siku ile hukubeti. Anasema, siku ile nilitaka kudaka tu. Nilichoka kila mpira ukija naona mkeka. Usiku wake nililala vizuri, mara ya kwanza tangu nianze ule ujinga, nikamwambia na mama Leokadia, kesho naenda kucheza bure. Sijui kama ni yeye anayesema au ni mimi ninayependa aseme hivyo. Anasema, kubeti nilibeti, adhabu yangu nimeila. Goli lile ndilo lililobaki kwenye meno ya watu, na goli lile unalijua. Pembeni mshika kibendera anasema, siku ile kuna kilichoinuka, na si kibendera.

Na mpira unapigwa. Unapita juu yangu, namba saba wao anakimbia kuufuata, na mimi badala ya kumfuata nasimama, nainua mkono kudai ameotea, kibendera kimetulia na mimi nimesimama tu na mkono wangu juu, na Sumaku anatoka golini peke yake, anachelewa, kwa sababu nafasi ile ilikuwa yangu kuiziba. Nataka kuushusha mkono nikimbie. Haushuki. Napiga kelele kuelekea majukwaa matupu, ni mimi, hakuuza mechi, mimi ndiye niliyesimama, napiga kelele mpaka koo linakauka.

Ndugu Mkwizu, shusha mkono, tumeshakuhesabu. Ni mwenyekiti. Feni inazunguka. Mkono wangu uko juu, na Bi Hidaya, katibu wetu, anaandika, wanaopinga, watano. Nasema, lakini nimeshawaeleza. Bi Hidaya ananitazama juu ya miwani. Umetueleza nini, kaka? Hujasema neno tangu tumetoka kula. Wote wananigeukia, wamechoka, mmoja anachokonoa meno. Ni maneno machache tu, yamekaa hapa mdomoni. Nawatazama nyuso zao, zimetimia zote, pua, macho, kila kitu, na bado siziamini. Nasema, basi, tuendelee. Mwenyekiti anaingia ajenda ya nne, vyoo vya jukwaa la mashariki.

Kikao kikifungwa natoka. Leokadia anainuka kwenye benchi, anajinyoosha gauni. Umewaambia, baba mdogo? Nakumbuka nilivyopiga kelele, na koo langu kweli ni kavu. Nimewaambia, namjibu. Anaishika mikono yangu yote miwili, na ya kwake ina joto. Wakasemaje, anauliza, na mimi nasimama pale nikisubiri kuamka.