Mshika Miguu

Carimo alikuwa mchinjaji wa kijiji cha Quitunda, na tangu vita vya wachinja watu vianze huko kusini alikuwa ameacha kujitaja hivyo mbele ya wageni. Akiulizwa kazi, husema anauza nyama. Hakuwahi kuuza nyama hata siku moja. Aliwachinjia watu mbuzi na kuku wao, akapewa shingo na ngozi, akaenda zake.

Ijumaa moja baada ya sala, wanaume kama thelathini walimfuata nyumbani, kwenye nyumba ya matofali aliyopewa wanakijiji walipohamishwa kupisha mradi wa gesi. Walimleta Momade, amefungwa mikono kwa kamba ya wavu. Jana yake Momade alikuwa amempiga jirani yake Chamsudine kwa jembe, wakigombea mpaka wa mashamba mapya, mpaka ambao hakuna kati yao aliyeuchora. Chamsudine alikuwa ameshazikwa. Gari la polisi lilisemekana liko njiani kutoka Palma.

"Wakimchukua, atafungwa kadeia miaka michache, kisha atarudi kulima," alisema Mussagy, msemaji wao. "Serikali yetu haiui mtu siku hizi. Lakini kitabu kimesema roho kwa roho."

"Na mimi naingiaje hapo?"

"Wewe una kisu."

Carimo aliogopa. Alijua kuwa anayewakatalia watu wenye hasira huongezewa kamba ya kwake. Basi akapita kando.

"Vyema," alisema. "Ila kazi yangu ina utaratibu. Kwanza apewe maji. Awekwe kivulini. Na kisu kisinolewe mbele ya macho yake."

Wakamletea maji. Momade akanywa kikombe chote na, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasema ahsante.

"Sasa, desturi yetu mnaijua. Mwenye mnyama ndiye hushika miguu. Nani anashika?"

Mussagy akakumbuka kuwa mgongo unamuuma. Mwingine alikuwa na kanzu nyeupe. Wa tatu alisikia mbuzi wake wameingia kwenye muhogo wa watu, akaondoka mbio, ingawa hakuwa na mbuzi. Uwanja ukaanza kupungua, na Carimo akajiona mjanja kuliko sungura.

Ndipo Zubeida, mama yake Chamsudine, alipotoka matangani. Alipita katikati ya wanaume na hakuna aliyemzuia. Akaketi chini, akashika vifundo viwili vya miguu ya Momade.

"Mwenyewe ni mimi," alisema. "Nimeshika. Chinja, kaka Carimo."

"Mama, nisamehe," alilia Momade.

"Miguu hii ilikuwa ikiingia kwangu kula na mwanangu," Zubeida alimwambia Carimo, kana kwamba Momade hakusema kitu. "Chinja."

Hilo Carimo hakuwa amelipangia. Wale wengine walikuwa na kelele tu. Huyu mama alikuwa na haki, na Carimo aliiona haki yake wazi, ikamuuma. Akachukua kisu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hapo ndipo alipojiogopa mwenyewe. Akafungua kinywa apige bismillahi. Akakifunga. Akajaribu tena.

"Jina la Mungu halitoki," alisema. "Bila jina, ni kibudu."

Zubeida alikaza vidole.

"Hukutaka litoke," alisema.

Hakuachia miguu. Gari la polisi lilipofika, askari alimwomba mara tatu, kwa adabu, ndipo akafungua vidole.

Siku ya arobaini, Zubeida alileta beberu kwa ajili ya hitima ya mwanawe. Vijana walijitolea kumsaidia, akawakatalia. Alishika miguu mwenyewe. Carimo alimlaza beberu, akamwelekeza kibla.

"Bismillahi, Allahu Akbar," alisema, akakata.

Miguu ilirusha teke mikononi mwa Zubeida, kisha ikatulia.

"Kumbe linatoka," alisema Zubeida.

Carimo alifuta kisu. Nyama ilipogawanywa, Zubeida alimpimia shingo na ngozi yake kama kawaida, naye akavipokea kwa mikono miwili.