Picha Iliyoishia Kwenye Nyusi

Jumatano, tarehe 14 Machi 2001, ndiyo siku niliyofiwa na mke wangu Sofia. Au niseme ndiyo siku niliyoambiwa hivyo na watu ambao hawakuona kitu.

Sofia asingekwenda Maskati kama wakubwa wasingeuza kiwanda chetu cha nguo. Walisema ni soko huria, tutaneemeka. Mimi niliyesukuma marobota ya pamba humo tangu ujana nikatolewa getini kwa barua ya asante. Waliouza wako kwenye viyoyozi hadi leo. Mke wangu akaenda kufua nguo za watu, kupitia kwa wakala anayeitwa Mbaruk, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo.

Siku hiyo Mbaruk aliniita ofisini. Akanisomea barua pepe kutoka Maskati: mfanyakazi amefariki usingizini, pasipoti yake inasema Sofia, picha ya uso imeambatishwa, mume athibitishe ili azikwe leo. Skrini ilimwelekea yeye. Alibofya, akabofya tena, akafuta jasho.

"Ndiye, mzee Abbasi," akasema. "Jikaze. Maiti haikai."

Nikalia. Mimi nalia, yeye anajibu barua.

Tukamswalia swala ya ghaibu msikitini kwetu Ilala. Arobaini ilipopita nikagawa nguo zake kama ilivyo desturi, kanga zote, kwa wanawake wa mtaani. Watu wakanizoea kuwa mgane.

Kisha nikakutana na Ghada, karani wa Mbaruk, pale Mnazi Mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuondoka. Alikuwa anasokota ncha ya mtandio. "Mzee, nisamehe. Ile atachimenti, ile picha, haikufunguka siku ile. Bosi aliona haya kuwaambia wa Maskati. Akaandika mume amemtambua."

"Si walisema jina lake?"

"Jina la kwenye pasipoti. Wanawake wetu kule wako nyumba moja, na pasipoti zao zote tajiri anazifungia kabati moja. Mtu akichukua isiyo yake, nani atajua?"

Nilikwenda Mtaa wa Sikukuu moja kwa moja. Mbaruk aliponiona mlangoni akainuka. "Mzee, unataka kufukua kaburi?"

"Nataka kuliona kwanza."

Wateja waligeuka kutazama, ndipo akalegea. Akamwita Zarna, fundi wa Kihindi anayezunguka maofisi ya Kariakoo kufungua viambatisho vilivyogoma. Akaja na diski zake, akakaa, akasonya.

"Mbaruk bhai, kompyuta hii ulirithi kwa babu?"

"Fanya kazi, dada, acha maneno."

"Nafanya. Yenyewe ndiyo inasinzia."

Akaweka programu nyingine. Safari hii skrini waliigeuza upande wangu. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayevuliwa shuka taratibu. Mto mweupe. Nywele. Paji la uso. Nyusi. Halafu kijivu kitupu mpaka chini.

"Endelea," nikasema.

"Ndiyo mwisho, mzee." Zarna aliacha utani. "Haikufika yote. Laini ilikatika ikiwa njiani."

Sofia ana kovu kidevuni, mafuta ya vitumbua yalimrukia. Kidevu ndicho kilichobaki njiani. Lile paji la uso lingeweza kuwa la Sofia. Lingeweza kuwa la Ghada aliyesimama nyuma yangu.

"Waombe waitume tena," Zarna akamwambia Mbaruk. "Kule wanayo nzima."

"Nikiiomba leo, nitasema siku ile niliona nini?"

Akazima kompyuta. Nikaenda ofisi ya serikali. Bwana mmoja mwenye tai akapekua faili langu huku anakunywa chai. "Cheti cha kifo unacho, mzee. Sasa unalalamika nini?" Hao ndio wakubwa wetu. Wameuza kiwanda, wamemruhusu wakala, na sasa cheti chao ndicho kinachojua mke wangu yuko wapi.

Tangu hapo paji lile halinitoki. Nikipita Mnazi Mmoja naona kanga zake zinatembea mbele yangu, mgongo ule ule, mwendo ule ule. Najua nilizigawa mwenyewe. Bado naharakisha nizipite, nigeuke, nitazame kidevu. Wanawake wananisonya: "Babu, vipi?" Naye Fikirini, mwenye kibanda cha simu mtaani kwetu, ameniita zaidi ya mara moja.

"Mzee Abbasi! Simu yako, ya mbali!"

Nikifika, imekatika.

"Nani?"

"Mwanamke. Kiswahili cha huku huku. Kauliza kama bado unaishi hapa."

"Kwani hakusema jina?"

"Nilimuuliza, mzee. Hapo nikasikia mtu anamfokea kwa Kiarabu."

Huenda ni mmoja wa wenzake, anatafuta namna ya kunipa pole. Huenda nilimswalia mtu aliye hai, na yeye kule anajiuliza mbona mume wangu hanitafuti.

Ijumaa moja Mbaruk alikwenda msikitini, Ghada akanifungulia mlango. Nikamtajia maneno, akayaandika, akayatuma Maskati. Hakuambatisha kitu, kisije kikagoma. Kila siku napita dirishani pake, naye kila siku anatikisa kichwa. Niliwauliza hili tu: yule mliyemzika, alikuwa na kovu kidevuni?