Vuo la Shangazi Kahonzi

Nyumbani kwa mzee Kombe, huko Ganda, walishakata shauri: mtoto karogwa, na mchawi ni shangazi Kahonzi. Nani mwingine? Si yeye aliyemwogesha vuo, yale maji ya majani ya porini, ngozi ilipoanza kupasuka? Wema wake ukamponza. Alifukuzwa akakimbilia kanisani, na vijana wa ukoo wakaapa kwamba mtoto akifa, naye atamfuata.

Everlyne, mama wa mtoto, aliyaamini hayo mpaka siku ile hospitalini Kilifi. Mumewe Dena, mwana wa Kombe, alikuwa ametoka kutafuta chai.

"Mwilini mna askari wa kuua vijidudu," daktari Adhiambo alimwambia. "Na wapo wengine, kazi yao kuwazuia hao wasiwapige wenyeji. Mwanao kazaliwa na hao wa kuzuia wasiofanya kazi. Mwili unajipiga wenyewe: ngozi, matumbo, hata kongosho. Ndiyo maana anaharisha na sukari imepanda."

"Ameyapata wapi haya, daktari?"

Adhiambo alisita. "Vipimo vya damu vimeonyesha amerithi kwako. Wewe hayakudhuru, huwapata watoto wa kiume. Huna kosa, mama."

Huna kosa. Maneno matamu hayo, lakini nani angeyasema Ganda? Everlyne aliwakumbuka kaka zake wawili waliozikwa wachanga, na jirani ambaye mama yao alimshuku uchawi, akamchukia mpaka kaburini. Dena aliporudi na chai, Everlyne alimwambia kwamba daktari bado anachunguza. Aliogopa. Mke anayezaa wana wa kuzika, nani atamweka?

Mtoto alifariki wiki ileile. Walipotoka kaburini, vijana hawakukaa kula. Walichukua mapanga waende kanisani, Dena akiwa mbele.

Everlyne alisimama njiani.

"Shangazi hakumroga. Ugonjwa umetoka kwenye damu yangu. Daktari aliniambia, nikakuficha."

Hakuna aliyempiga. Dena aliliweka panga chini, akaingia ndani. Jioni ile chakula kilipopakuliwa, sahani ya Everlyne haikuwepo. Asubuhi akakuta nguo zake zimewekwa nje, zimekunjwa vizuri. Laiti zingetupwa.

Siku hiyohiyo shangazi Kahonzi aliitwa arudi. Ungewaona walivyomkimbilia na kiti, shikamoo huku, shikamoo kule, kama si wao waliotaka kumkatakata jana. Mwenyewe hakukaa. Alizunguka nyuma, akamkuta Everlyne ameketi juu ya furushi lake, gauni limelowa kifuani kwa maziwa yasiyo na mtu wa kuyanyonya.

Kahonzi aliwasha moto, akabandika sufuria, akachuma majani kichakani na kuyatia majini.

"Yanauma hayo yakijaa," alisema. "Njoo nikuogeshe, mwanangu, ndipo uende."